Jani la Kijani na Riziki ya Wanyama

Darasa letu la leo lahusu jambo ambalo kila mmoja wetu hulitegemea usiku na mchana, na ni wachache walifikirialo. Jambo lenyewe ni kwamba hapana mnyama, mkubwa wala mdogo, awezaye kujifanyia chakula kwa udongo, maji na hewa. Kila mnyama hula kitu kilichokwisha kufanywa na kiumbe kingine. Nawe ukifuatia nyuma, mlo baada ya mlo, ukiuliza huyu naye alikula nini, mwisho utafika penye jani la kijani lililokaa juani.

Huenda mtu akasema, "Hii ni ilimu ya watoto wa skuli, ya nini kutiwa katika karatasi yetu?" Twamjibu kwamba watu wa pwani wana haja nayo kuliko wengi, kwa kuwa kitoweo chao hutoka baharini, na bahari ina malisho yake kama bara ilivyo na yake. Mtu asiyejua asili ya riziki yake huweza kuikata kwa mkono wake mwenyewe, naye akidhani kuwa akata mti tu.

TUANZE NA SINIA

Haya na tutazame sinia ya chakula cha mchana: wali wa nazi, mchicha, na tafi wa kukaanga. Wali ni mbegu ya mpunga, nazi ni tunda la mnazi, na mchicha ni jani lenyewe. Hapa hapana fumbo. Ama tafi, yeye ni mnyama. Lakini tafi hula mwani na nyasi zinazoota chini ya bahari. Basi nyama ya tafi ni nyasi za bahari zilizogeuka. Mwondoe tafi uweke nyama ya mbuzi, jawabu ni lile lile, kwani mbuzi hula majani. Weka kuku, nawe utakuta kwamba kuku hula nafaka na wadudu, na wadudu wale walikula majani au walikula wadudu wenzao waliokula majani.

Atakayetaka kutushinda atauliza, "Na nguru je? Nguru hali jani hata moja." Ni kweli. Nguru hula samaki wadogo. Lakini samaki wadogo kama dagaa hula vidudu vinavyoelea majini, na vidudu vile hula vimea vya kijani vidogo mno hata jicho haliwezi kuviona bila ya hadubini. Maji ya bahari yamejaa vimea hivyo kila panapofika nuru ya jua. Basi nguru naye amesimama juu ya jani, ila ngazi yake ni ndefu kuliko ya tafi. Na hivyo hivyo simba wa bara, ambaye hali majani, lakini lau nyika ingekauka punda milia wakafa, simba naye asingeishi baada yao.

KAZI YA JANI

Sasa yatakikana tujue jani hufanya nini ambacho mnyama hawezi kukifanya.

Chakula kina kazi mbili mwilini: kuujenga mwili, na kuutia nguvu. Nguvu hizo za mwili lazima zitoke mahali, na mahali penyewe ni jua. Lakini jua halilambwi wala halitafunwi. Mtu akikaa juani kutwa, ngozi yake yaweza kutengeneza vitamini D, lakini hatapata nguvu za hata kuinua ndoo moja ya maji. Atarudi nyumbani na njaa yake, na kiu juu yake. Nuru yahitaji kwanza kunaswa na kufungwa ndani ya kitu chenye kulika, na kazi hiyo ndiyo ya jani.

Chini ya jani mna matundu madogo sana. Kwa matundu hayo huingia hewa ya ukaa, ile hewa tuitoayo sisi tukipumua, nayo ni chache: katika kila sehemu 10,000 za hewa ituzungukayo, hewa ya ukaa ni sehemu 4 na kidogo tu. Maji hupanda kutoka mizizini. Na ile rangi ya kijani ya jani, iitwayo klorofili, hunasa nuru ya jua. Kwa nguvu za nuru hiyo jani huyapasua maji yakawa vitu viwili, haidrojeni na oksijeni. Oksijeni huiacha itoke nje. Haidrojeni huiunga na hewa ya ukaa, na katika kuungana kwao hupatikana sukari. Nguvu za jua zilizoingia katika kazi hiyo hazikupotea. Zimefungwa ndani ya sukari kama fedha iliyotiwa kibindoni. Kazi hii yote wataalamu wa Kiswahili wameipa jina la usanisinuru, yaani kuunda kwa nuru.

Kutokana na sukari hiyo mmea hujifanyia kila kitu chake. Huigeuza wanga ukauweka katika muhogo na mchele. Huigeuza mafuta ukayaweka katika nazi na ufuta. Huichanganya na naitrojeni na chumvi chache zitokazo ardhini ukapata protini, kama iliyomo katika kunde. Na sehemu kubwa huifanya mti wenyewe: shina, matawi na mizizi.

WALIVYOJUA WALIOTANGULIA

Wengi wetu hudhani kwamba mti hula udongo. Dhana hii ni ya kale sana, na aliyeitia katika mizani ni tabibu mmoja wa nchi ambayo leo ni Ubelgiji, jina lake Jan Baptist van Helmont. Alitia ratili 200 za udongo mkavu katika chungu, akapanda mche wa ratili 5, akawa akiutilia maji tu kwa miaka 5. Alipoupima tena, mti ulikuwa na ratili 169, na udongo ulikuwa umepungua kiasi cha wakia 2 tu. Khabari hii ilichapishwa mwaka 1648. Van Helmont alihukumu kwamba mti wote umetokana na maji. Alikuwa amepata nusu ya jawabu, kwani hewa hakuihesabu.

Mwaka 1771 Joseph Priestley wa Uingereza alifunika mshumaa katika chombo cha kioo mpaka ukazimika. Akatia humo kijiti cha nanaa, akakiacha siku kadha wa kadha, kisha akaona kwamba mshumaa waweza kuwaka tena katika hewa ile ile. Akajaribu kwa panya, akaona kuwa panya huishi vyema zaidi katika hewa iliyokaliwa na mmea. Mwaka 1779 tabibu wa Kiholanzi, Jan Ingenhousz, akabainisha kwamba mmea haufanyi hivyo ila kwenye nuru, na kwamba sehemu za kijani ndizo zifanyazo. Na katika miaka ya 1950 Melvin Calvin na wenzake huko California, Marekani, waliifuata hewa ya ukaa hatua kwa hatua ndani ya kimea mpaka ilipogeuka sukari. Kazi hiyo ikampatia Calvin tuzo ya Nobel mwaka 1961.

Msomaji asiyependa kuamini kwa kusikia tu na ajaribu mwenyewe. Chukua majani ya majimaji yaotayo ndani ya kidimbwi, uyatie katika gilasi ya kioo iliyojaa maji ya kidimbwi kile kile, uiweke juani. Baada ya muda utaona mapovu madogo yakipanda kutoka majanini. Ipeleke gilasi gizani, mapovu yatapungua mpaka yakome. Ndani ya mapovu hayo mna oksijeni.

MNYAMA HUTEGEMEA MARA MBILI

Mnyama hufanya kinyume cha kazi ya jani. Hula sukari, wanga na mafuta, na huvuta oksijeni. Kisha huviunganisha mwilini polepole, pasi na moto, na katika kuunganisha huko zile nguvu za jua zilizokuwa zimefungwa hufunguka. Kwazo moyo hupiga, mkono huinuka, na mwili hupata joto. Kinachobaki ni maji na hewa ya ukaa, navyo hurudi kule kule vilikotoka. Mfano wake ni kuni mekoni. Joto la kuni ni jua la miaka iliyopita ambalo mti ulilihifadhi, na moto haukufanya ila kulifungua.

Basi mnyama hulitegemea jani mara mbili: kwa chakula, na kwa hewa ya kukichomea chakula hicho. Katika hewa tuivutayo oksijeni ni kiasi cha sehemu 21 katika 100, na karibu yote imetokana na vimea katika umri mrefu wa dunia. Wala asidhani mtu kwamba kazi hii ni ya misitu peke yake. Karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia hufanyika baharini, na aghalabu hufanywa na vile vimea visivyoonekana kwa macho.

Mmea wenyewe pia huvuta oksijeni na kutumia sehemu ya sukari yake, usiku na mchana, kwa kuwa nao una uhai. Tofauti ni kwamba mmea hufanya zaidi ya uutumiavyo, na ziada hiyo ndiyo riziki ya wanyama wote.

HESABU YA NGAZI

Ziada hiyo si nyingi kama idhaniwavyo. Katika nuru yote iangukiayo shamba, kiasi cha sehemu 1 tu katika 100 ndicho hufungwa katika mimea, na mara nyingi hata hicho hakifiki. Na kila chakula kipandapo ngazi moja, sehemu kubwa hupotea, kwa sababu mnyama hutumia alichokula katika kutembea, kupumua na kujitia joto. Kinachobaki kuwa nyama yake ni kiasi cha sehemu 1 katika 10. Si kipimo kisichobadilika, lakini chatosha kutufahamisha.

Kwa hesabu hiyo, kilo 1,000 za vimea vya bahari hulisha kilo 100 za vidudu; vidudu hivyo hulisha kilo 10 za dagaa; na dagaa hao hufanya kilo 1 tu ya nguru. Hapa twaona kwa nini samaki wakubwa ni wachache na bei yao ni ghali, na kwa nini nyika yenye maelfu ya punda milia haiwezi kuwa na maelfu ya simba. Na twaona jambo jingine lililo zito zaidi: upungufu ulioanzia chini kabisa hufika juu. Likipotea jani, mvuvi hataliona jani linapopotea, bali ataona wavu mwepesi, wala hatajua upungufu umetoka wapi.

MATUMBAWE

Mfano wa wazi tunao katika miamba yetu. Watu wa pwani wamejenga nyumba kwa mawe ya matumbawe na kuyachoma kupata chokaa, na wengi huhesabu kuwa tumbawe ni jiwe tangu asili yake. Hakika tumbawe lililo hai ni kazi ya wanyama wadogo wengi waliokaa pamoja, na jiwe lile ni nyumba yao. Mwenyezi Mungu amejaalia ndani ya miili ya wanyama hao wakae vimea vidogo mno. Mnyama huvipa vimea mahali pa kukaa na hewa ya ukaa. Vimea humpa mnyama sukari, nayo ndiyo sehemu kubwa ya chakula chake. Kwa hiyo matumbawe yajengayo miamba hukaa kwenye maji mafupi yaliyo safi, ambako nuru yafika.

Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kadiri. Joto lilipozidi, wanyama wale walivitoa vimea vyao nje, na matumbawe yakawa meupe kama chokaa, kwani rangi yake ilikuwa ni ya vimea. Mnyama aliyeachwa na vimea vyake huweza kukaa muda na njaa, na joto likipungua mapema hupona, likiendelea hufa. Mwaka ule miamba mingi ya Kenya ilipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake yaliyo hai. Maji yalikuwa yale yale na jua lilikuwa lile lile, lakini aliyekuwa akilipika jua likawa chakula alikuwa ameondoka.

Na si joto peke yake. Mto Sabaki huteremsha udongo wa mashamba ya bara mpaka baharini karibu na Malindi, na maji yakigeuka tope nuru hupungua kule chini, kwa nyasi za bahari na kwa matumbawe pia. Mkulima wa mbali aliyeacha udongo wake uchukuliwe na mvua amefunga dirisha la nyumba ambayo hajapata kuiona.

MIKOKO

Mfano wa pili ni mikoko. Kenya ina jamii 9 za miti hiyo, kama mkoko, mkandaa, mchu, muia na mlilana, na zaidi ya nusu ya misitu yake iko Lamu. Majani ya mikoko huanguka mwaka mzima. Kaa huyaburuta mpaka mashimoni mwao wakayala. Yaliyobaki huozeshwa na vijidudu, na vijidudu na masalio huliwa na kamba na viumbe vingine vya topeni. Juu ya tope na mizizi huota ukoga wa kijani ambao nao hufanya kazi ile ile ya jani. Katika mizizi hiyo samaki wachanga wa namna nyingi hupata chakula na maficho, mpaka wakue watoke kwenda miambani na bahari kuu.

Mikoko imekuwa mali ya watu wa pwani kwa karne nyingi. Boriti zake zimejenga nyumba zetu, na majahazi yalizichukua mpaka Bara Arabu, mpaka serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuzipeleka ng'ambo mwaka 1982. Hatusemi kwamba mtu asikate kabisa, kwani wako ndugu zetu ambao boriti na kuni ndizo chumo lao, na mwenye njaa haambiwi asubiri samaki wa mwakani. Tusemalo ni kwamba mkoko una faida mbili. Ukikatwa kwa kadiri na mwingine ukapandwa, watu hupata mti na samaki. Ukikatwa ovyo, au hori ikageuzwa jaa la taka na njia ya maji machafu, watu hupata mti mara moja, na samaki hupungua kwa miaka mingi. Mikoko ya hori za Tudor na Mwache, hapa kando ya Mombasa, imepungua sana kwa sababu hizo, na kila apitaye aweza kuona.

Lakini mfano mwema pia upo. Katika ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale, misitu iliyokuwa imekatwa imepandwa tena, na tangu mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni huhifadhi hekta 117 za mikoko katika mpango uitwao Mikoko Pamoja. Kwa kuwa miti ile huifunga hewa ya ukaa ndani yake na katika tope, kuna watu wa nje wanaolipa fedha kwa kazi hiyo, na fedha hizo zimeingia katika maji ya mji na skuli. Basi jani lile lile hulisha kaa kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili husaidia kumpa mtoto darasa.

JE, HAKUNA KISICHOTEGEMEA JANI?

Msomaji mwenye kupenda kuchunguza atauliza kama sharia hii haina pa kutokea. Iko. Mwaka 1977, katika vilindi vya bahari karibu na visiwa vya Galápagos, wataalamu walikuta chemchemi za maji ya moto zilizozungukwa na viumbe vingi, mahali pasipofika nuru hata chembe. Huko bakteria hutengeneza chakula kwa nguvu za madawa yatokayo ardhini, na wanyama wa pale huwategemea hao bakteria. Lakini hata wengi wa wanyama hao hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini, nayo ni kazi ya vimea vya juu juani. Ama sisi na wanyama tuwajuao, wa zizini na wa nyavuni, hatuna mlango huo.

KHATIMA

Basi haya ndiyo tuyashike. Jua ni moja kwa wote, lakini halimshibishi mnyama ila kwa mkono wa jani. Kila tonge ni nuru iliyonaswa mahali fulani, na mahali hapo paweza kutunzwa na paweza kuharibiwa. Mtu wa mjini asiyekuwa na shamba wala ngalawa asidhani kuwa hayamhusu. Akitupa taka zake horini, akinunua boriti za wizi kwa kuwa ni rahisi, au akinyamaza mbele ya afanyaye hayo, amekwisha kutia mkono katika sinia yake mwenyewe na ya watoto wake.

Na mwalimu wa chuo au wa skuli atakayesoma haya, twamwomba awachukue wanafunzi wake siku moja maji yakiwa yamekupwa, awaoneshe kaa akiburuta jani la mkoko, kisha awaulize: jani hili litafika wapi? Watoto wakilifuata kwa akili zao mpaka likafika katika chungu cha mama zao, darasa hili litakuwa limefahamika.